Sura ya Sita: Wazazi Tisini na Sita, Watoto Tisini na Sita

Inspekta aliisoma ile orodha ya shirika la misaada mara ya tatu, na mara ya tatu akahisi kuna kitu kinamkwaruza kichwani bila yeye kukijua ni kitu gani. Kurasa nne, zimebanwa kwa pini moja. Kushoto jina la mzazi, kulia jina la mtoto, halafu namba, halafu kituo alichopelekwa mtoto. Safi kabisa. Hakuna pengo, hakuna palipokatwakatwa. Wenzake walimbandika jina la Mama Maswali, na si kwa kumsifu, maana mtu akikaa mbele yake nusu saa hutoka jasho hata kama hana kosa. Lakini karatasi utaibanaje? Karatasi inakukodolea macho tu.

Nje ya mlango, kwenye benchi la korido, alikuwa ameketi yule mama. Kila siku saa mbili asubuhi anafika, kama aliyeajiriwa kukaa pale. Mikono yote miwili imefungwa bendeji mpaka kwenye viwiko, ameilaza mapajani. Hakuwa akipiga kelele wala kulilia watu. Ukipita anakutazama usoni, basi. Askari wengine walishaanza kuzungukia mlango wa nyuma ili wasimpite.

Habari yake ilikuwa hivi. Wiki kumi nyuma ghala la magodoro lilishika moto, na moto ukaruka ukuta ukaingia kwenye nyumba za wapangaji. Watu walikusanywa kwenye ukumbi wa shule. Moshi ulikuwa mzito mno, kwa hiyo shirika la misaada likaamua watoto watangulie. Waliandikishwa kwenye kompyuta, wakapandishwa mabasi matatu, wakapelekwa vituo vya watoto katika miji mitatu mpaka wazazi wapate pa kujisitiri. Mama huyu, mikono imeungua tayari, alisema aliandikisha watoto wawili: mvulana wa miaka minne, ambaye nyumbani walimwita Babu kwa sababu alirithi jina la babu yake, na msichana wa miaka miwili. Kisha akaanguka. Alizindukia hospitali, akalazwa wiki saba. Alipotoka alikwenda moja kwa moja kwenye shirika kuwadai watoto wake. Karani akabonyeza, akatazama, akamwambia, "Mama, wewe una mtoto mmoja."

Mmoja! Yule wa kike. Wa kiume hakuwemo kabisa, hata kwa jina.

Mkuu wa kituo cha polisi alikuwa na jibu lake, na alilipenda sana jibu hilo. "Mtoto aliungulia ndani, Inspekta. Mama alikimbia na mmoja. Sasa aibu imemzidi, anatutungia hadithi." Askari wa zimamoto hawakukuta chochote kwenye majivu, lakini godoro likiungua halibakizi kitu, kwa hiyo hilo halikumsaidia mtu. Mkuu alitaka jalada Ijumaa, limeandikwa kutelekeza mtoto hadi kufa. Msichana naye azuiliwe kwenye kituo cha watoto mpaka kesi iishe. Na leo ilikuwa Jumatano.

Inspekta alishapoteza siku nne kwa fundi cherehani, jirani wa yule mama, aliyeapa kwa macho yake mawili kwamba alimwona baba wa Babu amembeba mtoto mabegani siku mbili kabla ya moto. Inspekta alisafiri saa tano kumfuata huyo baba, fundi bomba, aliyeachana na mama kitambo. Alimkuta ndani ya mtaro amejaa matope. Hakuwa amemwona mwanawe mwaka mzima. Alipoambiwa kwamba mtoto hajulikani aliko, aliketi juu ya bomba akalia mbele ya vibarua wake. Fundi cherehani, alipobanwa tena, alikiri kwamba macho yake mawili yana mtoto wa jicho.

Basi Inspekta akarudi kwenye orodha. Safari hii hakusoma majina. Alihesabu. Kidole upande wa kushoto, kalamu upande wa kulia. Alipofika mwisho aliketi wima.

"Ebo!"

Wazazi tisini na sita. Watoto tisini na sita. Kila mzazi na mtoto wake mmoja, kama chupa na vifuniko.

Alizijua nyumba zile. Chumba kimoja, godoro moja, watoto wanne wamelala mzungu wa nne. Yeye mwenyewe alizaliwa katika tumbo lililotoa tisa. Leo aambiwe kwamba katika mtaa mzima hakuna hata mama mmoja aliyejaliwa wawili? Alinyanyua simu akawatafuta mautingo wa yale mabasi matatu. Utingo ni mtu wa kuhesabu vichwa, hata usingizini atahesabu. Wa kwanza alisema arobaini na mmoja. Wa pili thelathini na wanane. Wa tatu thelathini na sita, "na mmoja alinitapikia, afande, huyo simsahau."

Mia na kumi na watano walipanda. Tisini na sita wameandikwa. Inspekta alitoa kwa kidole hewani: kumi na tisa.

*

Mratibu wa shirika alimpokea kwa maji baridi na tabasamu. Alikuwa mwanamke nadhifu, meza yake haina hata vumbi.

"Mfumo haukosei, Inspekta. Watu ndio wanaokosea."

"Na huo mfumo walitengeneza malaika?"

Tabasamu lilipungua kidogo. "Tulipata malalamiko machache, sikatai. Wazazi waliochanganyikiwa kwa mshtuko. Wengi walikuja kuwapata watoto wao wenyewe."

"Wangapi?"

"Kumi na mmoja. Watoto wakubwa wakubwa. Walijua kutaja mtaa na jina la baba."

"Kumi na tisa toa kumi na mmoja," Inspekta alisema. "Wale wanane wako wapi?"

Mratibu alisogeza glasi yake sentimita moja kulia, kisha akairudisha. "Vituo viliripoti kwamba kuna watoto wanane ambao hawamo kwenye mfumo. Wadogo wadogo. Ukimwuliza jina la mama anakwambia Mama. Asiyekuwemo kwenye mfumo hana mzazi anayemtafuta, ndivyo tunavyofanya kazi. Na sheria inasema zikipita siku arobaini na tano apewe familia."

"Mmewagawa."

"Tumewapatia familia, Inspekta. Familia nzuri. Zilichunguzwa."

"Mama wa mmoja wao yuko kwenye benchi langu."

 Mratibu alifungua droo, akatoa kadi ya mtu aliyeutengeneza mfumo, akaisukuma mezani kwa ncha ya kidole. Kwenye droo ile Inspekta aliona barua nyingi zimefungwa kwa mpira, zimeandikwa kwa mkono, na hakuhitaji kuuliza ni za kina nani.

*

Kabla ya kwenda kwa fundi wa mfumo alipitia kwa kinyozi. Siku ya moto watu walijitolea kuandikisha, na aliyekaa kwenye meza ya tatu, ambayo yule mama alisema ndiyo aliyopangwa, alikuwa kinyozi huyu. Alikuwa katikati ya kichwa cha mteja, na hakukubali kusimama.

"Mama aliyeungua mikono?" alisema huku mashine ikinguruma. "Afande, walioungua mikono walikuwa wengi. Sura siziweki akilini mimi. Kazi yangu ni vichwa."

"Basi niambie vichwa."

Kinyozi alizima mashine. Mteja alibaki nusu amenyolewa, anasikiliza. "Kuna kimoja. Mtoto wa kiume, mdogo. Alikuwa amenyolewa kwa mkasi, tena mkasi wa kukatia vitambaa. Hapa juu ya sikio ngazi, hapa nyuma kipara, huku msitu. Nikajisemea, aliyemfanyia hivi mtoto wa watu angepelekwa mahakamani!" Akacheka, kisha akakumbuka anaongea na nani, akaacha. "Alikuwa amemshika mkono mtoto wa kike, kadogo. Mama yao ananitajia majina, mimi naandika, maana yeye kalamu hawezi."

"Uliandika wangapi?"

"Kwani walikuwa wangapi? Niliandika wote. Naandika mmoja, nabonyeza hifadhi, alama ya vema ya kijani inatokea. Naandika wa pili, nabonyeza, kijani tena. Kuna kosa?"

"Haikukwambia lolote?"

"Ingeniambia nini? Kijani ni kijani."

Inspekta alitoka nje, akasimama kwenye jua. Alipiga simu kituoni, akamwomba askari wa zamu amwulize mama aliye kwenye benchi swali moja tu: nani alimnyoa Babu mara ya mwisho. Jibu lilirudi baada ya dakika. Mama mwenyewe. Kwa mkasi wa kukatia vitambaa aliouazima kwa fundi cherehani.

Mtoto hakuungulia ndani. Alitoka. Alisimama kwenye foleni amemshika mdogo wake mkono, akaandikwa, akapanda basi. Inspekta aliandika hayo kwenye daftari lake kwa herufi kubwa, na kwa mara ya kwanza tangu wiki ianze akasikia njaa.

*

Fundi wa mfumo alipanga chumba juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Mtu mwembamba, wa makamo, amevaa kandambili na miwani iliyofungwa kwa uzi. Ukutani alikuwa amebandika michoro kila mahali: visanduku na mistari, visanduku na mistari, mpaka darini. Alidhani Inspekta amekuja kuagiza kazi, akaanza kumweleza kwa furaha, na Inspekta akamwacha aongee. Mtu anayeongea mwenyewe humwaga mengi.

"Kila kitu unachotaka kompyuta ikikumbuke unakipa kisanduku," alisema fundi. "Hapa duka. Hapa bidhaa. Ndani ya kisanduku unaandika sifa zake, jina, namba, nini na nini. Hapo bado hujafanya kitu. Kazi yenyewe ni kuuliza: hiki na kile vinahusianaje? Ndipo unachora mstari. Na mstari, bibi, utamu wake uko mwishoni. Kikiwa kimoja tu, unaweka kijiti. Vikiwa vingi, unaupasua mstari vidole vitatu. Mimi nauita mguu wa kuku. Duka moja, bidhaa nyingi, unaona? Mguu wa kuku upande wa bidhaa."

"Ukisahau mguu wa kuku?"

"Basi kompyuta itaamini duka lina bidhaa moja. Yenyewe haijui duka ni nini. Inaamini mstari."

Inspekta alitoa kitambulisho chake, akakiweka juu ya meza. "Naomba unionyeshe mchoro wa watoto wa moto."

Furaha ilimtoka yule bwana kama maji ndani ya ndoo iliyotoboka. Alitafuta kwenye rundo, akaukunjua mchoro, akaubana kwa vikombe viwili. Kisanduku kimeandikwa Mzazi. Kisanduku kimeandikwa Mtoto. Mstari katikati.

"Nionyeshe mguu wa kuku," Inspekta alisema.

Fundi aliinama. Alisogeza miwani. Alipitisha kidole juu ya mstari kutoka kushoto kwenda kulia, akafika mwisho, akarudi, akaupitisha tena polepole zaidi. Chini, dukani, mtu alikuwa akipimiwa misumari.

"Hamna," alisema.

"Kwa nini hamna?"

"Walinipigia simu saa tatu asubuhi. Walitaka mfumo saa saba mchana, watu wako ukumbini, moto bado unawaka. Nilikuwa na saa nne, bibi. Nikachukua mchoro wa zamani." Sauti ilikuwa imeshuka mpaka Inspekta akalazimika kusogea. "Wa bwawa la kuogelea. Kule mteja akiingia anapewa kabati la kuwekea nguo. Mteja mmoja, kabati moja. Akibadilishiwa kabati, la zamani linajifuta kwenye jina lake, ili apewe mwingine. Ndivyo walivyotaka wenyewe, na ulikuwa mfumo mzuri, haujawahi kusumbua."

"Ukabadilisha nini?"

"Majina ya visanduku."

"Mteja ukamwandika mzazi."

"Ndiyo."

"Na kabati?"

 Fundi aligusa kisanduku cha Mtoto kwa kidole.

Inspekta alimwambia awashe kompyuta amwonyeshe. Fundi aliandika mama wa kubuni. Akamwandikia mtoto wa kwanza, akabonyeza hifadhi. Alama ya vema, kijani. Akamwandikia wa pili, akabonyeza. Kijani. Akafungua orodha: mama mmoja, mtoto mmoja, wa pili. Wa kwanza hakuwepo, wala hapakuwa na alama kwamba aliwahi kuwepo.

"Rudia," Inspekta alisema. Alirudia. Ikawa vilevile. Inspekta akajikuta anasema tena, "Rudia," ingawa alikuwa amekwisha kuelewa, na fundi akarudia bila kubisha.

"Nakala za akiba?"

"Ya kwanza ilichukuliwa jioni ile. Watoto wote waliandikwa mchana. Nakala ilikuta wameshafutika."

"Huwezi kuwarudisha?"

"Hakuna wa kurudishwa kutoka popote. Wa pili hakuandikwa pembeni. Aliandikwa juu ya wa kwanza." Alivua miwani. Macho yalikuwa mekundu. "Nina watoto watatu mimi, bibi. Watatu! Nilichoraje hivi?"

Inspekta aliutazama mchoro chini, pembeni, palipo na sahihi. Zilikuwa tatu: ya fundi, ya mratibu, na ya afisa mmoja wa ustawi wa jamii. Kando ya sahihi ya mratibu palikuwa na maneno: mchoro mzuri, endelea. Alikuja kwa hamu ya kumtia mtu pingu. Hamu ile bado ilikuwepo, lakini hakujua aielekeze kwa nani. Kwa huyu mwenye miwani ya uzi? Kwa waliotia sahihi kitu wasichojua kukisoma? Aliukunja mchoro akaondoka nao kama ushahidi, na fundi akamfuata mpaka ngazini akimwuliza, tena na tena, walikuwa watoto wangapi.

*

Alhamisi asubuhi Mkuu aliupokea ushahidi kwa kununa, akaufungua, akaufunga, akasema kesi dhidi ya mama haisimami tena na msichana aachiwe. Hilo lilikuwa jambo, na Inspekta alilishika kwa mikono miwili njia nzima ya kwenda mahakamani.

Karani wa mahakama ya watoto alikuwa mzee mpole, na huo upole ndio uliommaliza Inspekta. Alisikiliza kila kitu. Alipitia mchoro, maelezo ya kinyozi, hesabu za mautingo. Kisha alitoa miwani akaifuta kwa pindo la shati lake.

"Majalada ya hawa wanane yamefungwa kwa amri ya hakimu," alisema. "Majina mapya, wazazi wapya. Hafungui mpaka mzazi alete uthibitisho kwamba mtoto aliyemo ndani ni wake."

"Uthibitisho ndio uliofutika, mzee wangu. Nimekuonyesha ulivyofutika."

"Umenionyesha, binti yangu, na nimekuelewa. Lakini mchoro unasema mtoto angeweza kufutika. Hausemi ni yupi kati ya hawa. Hausemi hata kama yumo. Kituo cha pili kiliwahi kutorokwa na watoto, sina haja ya kukwambia."

"Kinyozi anakijua kichwa chake."

"Wiki kumi. Nywele zinaota."

"Vipimo vya damu, basi. Mama yupo, tayari hata leo."

"Vya mama, sawa. Na vya nani mwingine? Lazima niandike jina la mtoto kwenye ombi, ndipo hakimu aamuru atolewe damu. Nionyeshe kwamba mmoja wao ni wake, nikufungulie."

"Nifungulie nikuonyeshe!"

"Najua," alisema mzee. "Najua inavyosikika." Alimwandikia fomu ya rufaa kwa mkono wake mwenyewe, akaigonga muhuri, akamweleza kwamba rufaa za majalada yaliyofungwa husikilizwa kwa zamu na kwamba zamu iliyopo sasa ni ya rufaa zilizoletwa miaka miwili nyuma. Kisha akamsindikiza mpaka mlangoni, jambo ambalo si kawaida yake.

Inspekta alikaa ndani ya gari bila kuwasha. Miaka ishirini na sita ya kazi. Amewahi kumpata mwizi kwa kifungo cha shati. Amewahi kumkamata muuaji kwa sababu ya kikombe kilichooshwa vizuri kupita kiasi. Sasa alijua kila kitu: nani, lini, wapi, vipi, kwa kosa gani, kwa sahihi ya nani. Na kujua kote huko hakukumsaidia lolote. Aliupiga usukani kwa kiganja mara moja, honi ikalia, na mlinzi wa mahakama akamtazama kwa mshangao.

*

Mama alikuwa kwenye benchi. Inspekta alimwingiza ofisini, akafunga mlango, akamvutia kiti, kisha badala ya kwenda upande wake wa meza akakaa karibu naye.

Alianza na lile lililokuwa jema. Kesi imefutwa. Msichana ataruhusiwa leo, gari la kwenda kumchukua limeshaombwa. Mama alifumba macho, akasema alhamdulillahi kwa sauti ndogo. Kisha akayafumbua.

"Na Babu?"

"Babu alitoka, mama. Hukumwacha ndani. Kuna mtu alimwona kwenye foleni, amemshika mdogo wake mkono."

"Mimi najua alitoka," mama alisema. "Nilimtoa mwenyewe. Nakuuliza yuko wapi."

Inspekta alichukua karatasi, akachora visanduku viwili na mstari. Alimweleza yote, polepole, bila kuficha: kompyuta ilivyofundishwa kwamba mzazi ana mtoto mmoja, kijani kilivyotokea mara mbili, familia nane, hakimu, zamu ya miaka miwili. Akasema kwamba hataliacha, kwamba ataandika, atapanda ngazi zote. Alijisikia anasema, na akasikia jinsi maneno yalivyo mepesi. Mama hakumkatiza. Alikuwa ameinamia mchoro, bendeji zake zimekaa pande zote mbili za karatasi.

"Kwa hiyo akiandikwa wa pili, wa kwanza anafutika," alisema hatimaye.

"Ndiyo, mama."

"Yule kijana aliyekuwa anatuandika aliniuliza, tuanze na nani? Nikamwambia tuanze na Babu. Ndiye mkubwa." Aligusa mstari kwa bendeji. "Ningesema tuanze na mdogo, Babu angekuwepo."

Inspekta alitamani kudanganya. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni: hapana, ingekuwa vilevile tu. Lakini mama alikuwa amemkazia macho yale yale ya koridoni, na hakuweza.

"Angekuwepo," alisema.

"Halafu angepotea nani?"

 Mama aliutazama mstari ule muda mrefu, kisha kichwa kikaanza kutikisika, hapana, hapana, kidogo kidogo, kama anayemkatalia mtu.

"Basi hata kujuta siwezi," alisema. "Afande, nikijuta nitakuwa namfuta huyu mdogo."

Inspekta alimshika mabega kwa sababu mikono haikushikika. Walikaa hivyo mpaka dereva alipogonga mlango na kusema gari liko tayari. Mama alisimama, akajifuta uso kwa bendeji, akauliza huko kituo cha watoto ni mwendo wa saa ngapi, maana mtoto hula saa saba.